Manju na Gitaa la Shinyanga

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Nasema hivyo na sibahatishi. Shule niliishia darasa la nne, nikauza chumvi kwa kijiko, nikauza mafuta ya taa kwa kibaba, nikanunua mashine ya kusaga wakati wenzangu wanachezea ujana, na soko huria lilipofunguliwa, watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza pale Bariadi kutundika mzani wangu mwenyewe. Nimeona ng'ombe akipanda lori bila kusukumwa. Nimeona tajiri mzima analia kwa ajili ya jogoo. Nimeona bwana harusi ameazima viatu, na mwenye viatu yumo ukumbini, peku, anasubiri sherehe iishe.

Lakini kuna mtu mmoja alikuwa jirani yangu miaka mingi, naona nimwandike mwenyewe, maana wenye digrii wakimwandika watamtengeneza mpaka awe mtu wa maana.

Jina lake silitaji. Hata yeye hakulipenda, alisema jina ni la kukutafutia kodi. Tulimwita Manju, kwa kuwa ndivyo kazi yake ilivyoitwa: ndiye aliyetunga nyimbo za ngoma, akasimama mbele kuziimba, na vijana wakacheza nyuma yake. Kwetu Usukumani manju ni mkubwa. Mkuu wa wilaya akihutubia watu wanatazama saa. Manju akikohoa tu, watu wanasogea.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na mchana wa jua kali alivaa koti zito la sufu lililotoka kwenye marundo ya mitumba, lenye vifungo vya dhahabu kama la baharia. Ukimuuliza hasikii joto, anakwambia, "Joto liko nje, ng'wanawane. Mimi niko ndani ya koti." Ng'wanawane maana yake mwanangu, na aliniita hivyo hata nilipokuwa na pikipiki na yeye hana baiskeli.

Aliimba habari za simba kama mtu aliyekula nao sahani moja. Sasa mimi pale kwenye mashine nilikuwa na bata mzinga mmoja. Manju hakupita mbele ya yule ndege hata siku moja. Alizunguka nyuma kwa fundi baiskeli, akapenya kwenye uzio wa miba, koti likachanika, ili mradi asikutane naye. Nikamwambia, "Baba Manju, wewe mwenye simba!" Akasema, "Simba sijui sura yake anapokasirika. Huyu ana uso wa mkwe wangu marehemu, na mkwe wangu alinidai mpaka kaburini."

Pombe aliikataza kwa nyimbo tatu nzuri sana. Zote alizitunga amelewa.

Na nyimbo zake hakumpa mtu yeyote azijaribu. Alimpa ng'ombe. Alikuwa na jike mwekundu, mnene, mvivu. Wimbo mpya ukizaliwa, Manju anaenda zizini jioni ng'ombe akicheua, anasimama mbele yake na koti lake, anaimba. Ng'ombe akiacha kutafuna, wimbo umepita. Akiendelea kutafuna, wimbo unatupwa na hausikiki tena. Nilimwambia siku moja, "Lakini huyu ng'ombe ameshiba vibaya leo, ndiyo maana hakusikiliza. Ule wimbo ulikuwa mzuri." Akanitazama kwa huruma. "Wewe unajua pamba," akasema. "Hata pamba hujui sana."

Hapo sasa ndipo penye habari yangu mimi, kwa sababu Manju alikuwa mchoyo wa sifa kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na mimi nilizitaka sifa zake.

Aliwaimba wafu. Aliimba fisi, mvua ya mawe, baiskeli ya mwalimu. Mtu aliye hai alimwimba kwa kumchamba tu: yule wa viatu vya kuazima aliimbwa mpaka akahamia Geita. Kumsifu mtu aliye hai alikataa. Na mimi wakati ule nilikuwa na mashine, mzani, pikipiki, nyumba ya bati, wake wawili wanaoelewana, na sikuwa na wimbo. Mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa. Tajiri asiyeimbwa ngomani ni kama utajiri wake haujasajiliwa. Watu walikuja kusaga mahindi kwangu huku wanamwimba mwenye duka wa Ngulyati, mtu mwenye duka la mlango mmoja! Niliwasagia. Lakini niliumia.

Kwa hiyo mwaka ule Manju alipobanwa, nikajua siku yangu imefika.

Alibanwa hivi. Kwetu pamba ikishauzwa, mifuko ikiwa na kitu, makundi mawili ya ngoma yanashindana. Yanasimama uwanja mmoja, yanaelekeana, yanaanza pamoja, na hakuna hakimu wala alama. Watu wenyewe ndio kipimo. Jua likizama, kundi lenye watu wengi mbele yake limeshinda. Manju alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo na manju wa Ngulyati, kijana mwenye mapafu, ambaye tajiri mmoja wa pamba alimwazima kipaza sauti cha betri, chenye tarumbeta kubwa la bati. Sauti yake ilifika hadi kwenye majaruba ya mpunga. Na vijana wa ngoma hawana uaminifu. Nilishasikia wanasema mashineni kwangu kwamba mzee akishindwa mara ya tatu wanahama wote, na ngoma zao, wanakwenda Ngulyati. Manju bila wacheza ngoma ni mzee anayepiga kelele peke yake njiani.

Akaja kwangu, kwa nyuma, amejichana na miba, akanisalimia.

"Mwadila, ng'wanawane."

"Mwadila, Baba Manju. Karibu."

"Nataka gitaa."

"Gitaa lipi?"

"La umeme. Lile linalolia kama dume limenusa mvua. Shinyanga kuna mtu analo."

Nikamwambia gitaa nanunua mimi, fedha yangu, nauli yangu, nyama ya njiani yangu. Ila akishinda, aniimbe. Siyo kunitajataja, aniimbe wimbo mzima. Akachomoa mwiba kwenye koti. Akasema, "Utaimbwa." Nikampa mkono. Nilimwambia pia kwamba katika kununua hakuna wa kunifundisha, niachie mimi bei. Akasema bei ni yangu, lakini kukagua ni kwake.

Yule mtu wa Shinyanga alikuwa mpigaji wa bendi ya shirika moja la umma. Shirika lilikufa, kama yalivyokufa mengi wakati ule, bendi ikafa nalo, na wapigaji wakaambiwa mishahara hakuna, kila mtu achukue chombo anachokipiga aende nacho kwao. Mpiga ngoma akaondoka na ngoma kwenye toroli. Huyu akaondoka na gitaa, jekundu kama pilipili, na spika kubwa kama kabati. Alitukaribisha uani kwa dada yake, akachomeka waya kwenye gitaa, waya kwenye spika, akagusa uzi mmoja.

Mama yangu! Kuku walilala chini. Manju alishika vifungo vya koti lake kama mtu anayezuia roho isitoke.

Halafu akaanza kukagua. Manju hakuwahi kununua kitu kikubwa maishani mwake zaidi ya ng'ombe, kwa hiyo alikagua kama ng'ombe. Alilizunguka gitaa mara kadhaa bila kusema. Akaligonga mgongoni. Akalinyanyua apime uzito. Akafika kule juu kwenye masikio ya kukazia nyuzi, akaona moja limekatika.

"Hili sikio nani kalikata?"

"Lilivunjika, mzee. Tulianguka jukwaani Tabora."

"Siyo alama ya mtu? Hakuna mwenyewe atakayekuja kumdai?"

"Nani aje kudai gitaa kwa sikio, mzee wangu?"

"Tunauliza. Ana umri gani?"

"Gitaa? Sijui. Nililikuta."

"Anauzwa kwa nini? Ana tabia gani mbaya?"

Yule bwana akanigeukia. "Bosi, huyu mzee mzima kweli?"

Nikamwambia jibu maswali. Mimi nilikuwa nafurahia, kwa sababu kila swali lilikuwa linashusha bei. Alianzia laki na ishirini. Sikio lililokatika, ukungu mgongoni, umri usiojulikana: tukafika elfu themanini na tano. Wanipate wenye digrii hapo. Nikalipa.

Hapo ndipo yule bwana akachomoa waya, akaukunja vizuri, akamnyooshea Manju. "Haya wazee, na waya wenu huu."

Manju akaruka nyuma kama ameona nyoka. "Kamba yako baki nayo!"

Niwaeleze wasiojua. Kwetu ng'ombe anauzwa, kamba haiuzwi. Ukishalipa, mwenye ng'ombe anafungua kamba yake anaondoka nayo, nawe unafunga yako uliyokuja nayo. Kamba ndiyo bahati ya zizi la mtu. Ukiondoka na kamba yake umeondoka na ng'ombe wake wote ambao hujawalipia, na huo ni wizi wa gizani, watu wanapigwa kwa hilo. Mimi mwenyewe nilimwelewesha yule bwana kwa upole. Nikamwambia, ndugu yangu, sisi siyo watu wa hivyo, tumekuja kununua gitaa siyo kukuloga.

"Lakini bila waya..." akasema.

"Tumekuja na ya kwetu," akasema Manju, akatoa kwenye koti kamba ya katani, mpya, nzuri, akalifunga gitaa shingoni.

"Na spika je? Hii naiuza kwa bei ya..."

"Ng'ombe haondoki na zizi," nikamwambia.

Yule bwana alitutazama, akatazama waya wake, akaurudisha mfukoni. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeamua kutobishana na fedha.

Mpaka leo ukiniuliza nitakwambia tulifanya sawa. Kamba ni ya muuzaji. Kama gitaa lina utaratibu mwingine, mwenye gitaa alipaswa kusema kwa nguvu zaidi.

Tulirudi juu ya lori la marobota ya pamba hadi Maswa, kisha gari lingine hadi nyumbani, na kondakta akalitoza gitaa nauli ya mbuzi. Kwa nauli zote na nyama na soda, nilitoa elfu sita na mia nne.

Nyumbani kwa Manju uwanja ulijaa. Vijana wa ngoma wote walikuwepo, hata wale waliokwishaanza kusalimiana na watu wa Ngulyati. Manju akavaa koti, akaliweka gitaa tumboni, akainua mkono juu kabisa, akaushusha.

Ti-ti-ti.

Kama nzi ndani ya kiberiti.

Akapiga tena, kwa hasira. Ti-ti-ti. Mke wake mkubwa, mama mwenye ulimi, akaacha kutwanga. "Huyu ndiye dume la Shinyanga? Mbona ndama wangu ana sauti kumzidi?"

"Amechoka safari," akasema Manju.

"Basi mpe maji."

Nikasema tulieni, mimi nipo. Nilikuwa na redio ya kaseti, spika mbili, ya elfu thelathini na nane, hakuna nyingine kama ile Bariadi nzima. Nikamenya waya kwa meno, ncha moja nikaipachika kwenye tundu la gitaa, nyingine nikaiingiza mgongoni kwa redio, mahali palipoonekana panafaa. Redio ilisema neno moja tu, ukafuata moshi. Manju akanipa pole. Akasema, "Angalau yeye amelia."

Siku ya mashindano niliamua kwenda kwa sababu nilikuwa nimeshashona suti ya kaunda ya kuimbiwa. Manju wa Ngulyati alikuwa ng'ambo ya uwanja na tarumbeta lake, anatusalimia kwa majina yetu, wote tunasikia. Watu walikuwa kwake. Kwetu walibaki ndugu, wanaotudai, na mbuzi. Wakati jua limeinama, mcheza ngoma wetu wa mbele, kijana wa miguu mizuri kuliko wote, alivua njuga zake akazishika mkononi, na kila mtu alijua maana yake. Anavuka.

Manju akamwona. Akainua mkono, ngoma zetu zikanyamaza. Zote. Akachukua gitaa, akafumba macho, akaanza kupiga.

Ti-ti-ti-ti.

Yule kijana alisimama na njuga zake. "Anapiga nini?" akauliza.

"Nyamaza, tusikie," akasema mtu.

Wakasogea. Waliokuwa nyuma yao wakaona wenzao wameinamisha vichwa na kunyamaza, wakauliza kuna nini, wakaambiwa sshh, wakasogea na wao. Kwenye ngoma mtu hajawahi kuambiwa nyamaza. Ng'ambo kule wakaanza kugeuka: watu wamezunguka nini kimya kimya namna ile? Kuna aliyekufa? Wakaja kuona. Na tarumbeta la Ngulyati ndilo lililomponza mwenyewe, kwa kuwa alisikika uwanja mzima, hapakuwa na haja ya kusimama mbele yake. Watu walimwachia masikio, miguu ikaja kwetu. Lakini Manju ukitaka kumsikia ni lazima umkanyage mwenzako vidole. Wakakanyagana. Mama mmoja alisikiliza na mdomo wazi, halafu akamwambia mwenzake, "Mayu, mama wee, anaongea na wewe peke yako." Aliposikia hivyo Manju akaanza kuimba, kwa kunong'ona, na watu wakawa kimya kama ng'ombe aliyeacha kucheua.

Jua lilizama, na ng'ambo kulikuwa na manju mmoja, tarumbeta, na mbuzi wetu waliokwenda kuangalia. Yule kijana alivaa njuga zake tena, upesi, kama hakuwahi kuzivua.

Mimi nilijisogeza mbele na kaunda suti yangu. Manju akaimba shukrani. Akamshukuru ng'ombe wake. Akamshukuru dereva wa lori. Akamshukuru mbuzi ambaye nauli yake gitaa lililipa. Nikakohoa. Akamshukuru aliyekohoa, asikohoe tena.

Nikamfuata kesho yake. "Baba Manju, wimbo wangu."

"Haujaiva, ng'wanawane. Kaa, ule michembe."

Nikakaa, nikala viazi vyake vikavu, tukapiga soga mpaka jioni. Msimu uliofuata nikaja tena. "Ng'ombe ameukataa." Mwingine: "Sina maneno makubwa ya kukutosha." Mwingine: "Umenenepa, inabidi niuongeze." Kila mwaka pamba ikiisha nilikwenda kudai, na kila mwaka nilikaa pale nikala michembe nikaondoka sina kitu. Nilikasirika kweli. Nilimwambia mke wangu mkubwa sitakwenda tena. Akaniuliza, "Kofia yako nikuwekee wapi, mlangoni?" Nikamwambia mlangoni.

Baadaye mambo yangu yakakua, nikafungua mashine nyingine Maswa, yeye akahamia Lalago kwa binti yake, na miaka ikapita bila kuonana. Juzi juzi, hata lami imeshakuja na kila mtu ana simu, nilipita gulioni Lalago kutafuta mahindi. Nikaliona koti. Vifungo viwili tu vilikuwa vimebaki. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kando ya mama anayeuza nyanya.

"Mwenye Mashine," akasema bila kunitazama. "Umekuja kudai."

"Nimekuja kudai."

"Lakini ulishaimbwa."

"Lini? Wapi?"

"Zamani. Maswa, uwanjani. Wewe ulikuwa Mwanza na mambo yako ya pamba. Ulipigiwa makofi sana."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia uimbe sasa hivi. Akasema sauti imekwisha, halafu wimbo ukishaimbwa uwanjani unakuwa wa watu, hauko kwake tena. Akamwelekezea kidevu mama wa nyanya. "Huyu anao. Alikuwa anaitikia."

"Ule wa Mwenye Mashine?" akacheka yule mama. "Yule mtu yupo kweli?"

"Yupo," akasema Manju.

"Ni mkubwa kama anavyosema?"

"Wa kawaida."

Nikamwambia mama aimbe. Akasema yeye pale anauza nyanya, haimbi bure, kila fungu shilingi mia tano. Nikanunua fungu. Akaimba kwa Kisukuma, na mimi nauweka hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza:

Mwenye Mashine anataka kuimbwa,
kila pamba ikiisha anakuja kuuliza.
Msimwambie kwamba wimbo upo.
Akishaimbwa atakaa mjini na mashine yake,
na mimi nitakula michembe na nani?

Manju alikuwa anaangalia nyanya, moja moja, kama anazikagua.

"Jina langu lenyewe liko wapi humo?" nikauliza.

"Jina njoo mwakani," akasema.

Nikanunua fungu lingine, mama akauimba tena. Nikanunua lingine. Manju akasogea kwenye ndoo yake kunipa nafasi, nikakaa, nusu kwangu, nusu kwake, na mama akaendelea kuimba na mimi nikaendelea kununua mpaka mkeka wake ukabaki mtupu, mafungu kumi na saba, na mahindi niliyokuja kuyatafuta nikayasahau. Kwa hiyo ule wimbo wangu, ukiweka gitaa, nauli pamoja na ile ya mbuzi, redio, na nyanya, umenigharimu shilingi laki moja, elfu thelathini na saba na mia tisa.